Anania Yuko Wodini

Kasulu,
14 Oktoba 2023

Kaka Anania,

Amahoro ya huko Kumsenga. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Shemeji Winifrida hajambo, na Fidele ameshaacha kula udongo au bado anajenga nyumba tumboni? Mimi ni mzima wa afya, nimenenepa mpaka shingo, ingawa hapa ni maharage siku saba za wiki. Mwandiko ukipinda usinicheke. Naandikia juu ya begi, kitanda changu ni cha juu na taa iko chini.

Sasa nikupe habari za mjini. Hapa hakuna mtu anayeitwa Leonidasi. Leonidasi alishuka stendi na begi lake akapotelea hapo hapo. Anayeingia darasani ni Anania Niyomwungere, divisheni three, C ya baiolojia, kijana nadhifu, koti jeupe limepigwa pasi. Siku ya kuandikishwa mama wa ofisini alishika cheti chako, akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Nikajua nimekwisha, safari ya Kumsenga ni leo hii. Akasema, "Umekonda." Nikamjibu, "Maisha, mama." Akapiga mhuri. Na ukweli ile picha yako ya kidato cha nne inafanana na mimi kuliko inavyofanana na wewe, hasa tangu nywele zako zianze kuhama.

Na uzuri wa kwetu kila mtoto ana jina lake mwenyewe. Wewe Niyomwungere, mimi Niyonkuru, hata akija mtu anayetufahamu nusu nusu hawezi kuunganisha.

Usidhani nimeingia kwa watu wenye akili za kutisha. Abdalah, jirani yangu wa kitanda cha chini, baba yake ana duka la mabati hapa hapa mjini. Fizikia ilimpiga F mara mbili, akarudia mtihani mpaka ikamwonea huruma. Ada yao inakuja yote kwa pamoja, ndani ya bahasha ya kaki. Yasmini ana mtoto Kakonko, amemwacha kwa bibi yake, anauza vitenge humu humu hosteli ili alipe awamu. Kuna mmoja alikuwa bodaboda, akauza pikipiki, sasa kila akisikia pikipiki inapita anageuza shingo. Nimewauliza wote, hakuna aliyekiota chuo hiki. Kila mmoja alikataliwa mahali kwanza, akaja hapa kama anayeingia dukani mvua inaponyesha. Yule jamaa wa spika pale sokoni Kibondo, aliyesema ukimaliza uuguzi mashirika yanakugombea, nimemkuta hapa. Analipwa kwa kila kichwa anacholeta. Mimi ni kichwa chake cha kumi na saba.

Naandika barua kwa sababu unajua mwenyewe. Meseji zako Shemeji anazisoma kabla yako, na Abdalah anajua namba ya siri ya simu yangu kuliko mimi. Hashimu mwenye duka la jumla anapeleka chumvi na sabuni Kibondo kila Alhamisi, ndiye atakayebeba. Ameniambia hasomi barua za watu, anasoma madeni yao tu.

Shemeji ameshajua cheti kilikokwenda?

Mimi,
Anania wa Kasulu

*

Kumsenga,
9 Novemba 2023

Mdogo wangu Leonidasi,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, mchana anausahau. Mtoto udongo ameacha, sasa anakula mkaa. Muhogo tumeshavuna kipande cha juu.

Awamu ya pili nitaituma kabla ya Krismasi. Pesa ya shamba la marehemu Baba imebaki kidogo, nitaongezea ya asali. Usiniulize imebaki ngapi.

Usijiandike Anania wa Kasulu kwenye karatasi. Barua hupotea.

Winifrida hajui. Anadhani ulipata nafasi kwa ile kozi ya awali waliyotangaza. Sijamwongopea, ila sijamwambia. Yeye anaamini cheti kiko sandukuni chini ya shuka za harusi, na mimi nimeacha aamini.

Mama anasema usiogope. Anasema kule kambini kwa wakimbizi, kabla hajaolewa, nyumba nzima ilikuwa na kadi moja ya mgao. Bibi akiwa na homa, mtoto yeyote mwenye miguu alichukua kadi, akapanga mstari, akarudi na unga na mafuta. Kadi ilikuwa ya nyumba. Kwa Mama cheti ni hivyo hivyo. Mimi nina mke, mtoto na shamba, wewe mikono yako mitupu, basi chukua karatasi ukapange mstari. Nilikubali. Mpaka leo sijui nilikubali kwa sababu ni Mama aliyesema, au kwa sababu nilichoka kukiona cheti kile miaka saba kimelala bure.

Lakini mimi nilifika kidato cha nne, kwa hiyo najua kitu ambacho Mama hajui. Kadi ya mgao haina picha. Kwa hiyo punguza mdomo. Soma.

Kaka yako,
Anania

*

Kasulu,
24 Februari 2024

Kaka mkubwa,

Amahoro. Salamu kwa Mama, mwambie kitenge nitamletea, Yasmini ameniahidi bei ya kidugu. Salamu kwa Shemeji, na kwa mla mkaa. Nasikia huko mvua haipumziki. Hapa pia.

Mitihani ya semista nimepita. Soma tena hapo: nimepita. Mtu aliyeacha shule kidato cha pili, mwalimu akamwambia akachunge mbuzi na mbuzi wenyewe hatuna, amepita mtihani wa uuguzi. Si kwa kishindo, nikiri. Masomo manne nimepenya kama paka chini ya mlango. Moja nimepata sapu, nikarudia, likaniachia. Kukariri mimi ni bingwa. Niulize mifupa ya mkono, nitakutajia yote kwa wimbo niliojitungia, hata darasa zima linautumia. Abdalah ananiita daktari.

Ila kuna hesabu za dawa. Hizo hazina wimbo. Mwalimu anaandika ubaoni kilo za mgonjwa, miligramu kwa kila kilo, chupa ina miligramu ngapi kwenye mililita ngapi, mvute kiasi gani. Wenzangu wanainama, baada ya dakika moja wanainuka. Mimi nabaki nimeinama. Ile nukta, kaka. Nukta ya desimali. Tangu shule ya msingi haikuniingia. Nikihamisha huku inakuwa nne, nikihamisha kule inakuwa arobaini, na kwa macho yangu zote ni namba nzuri tu. Kwenye mtihani nilidesa kwa Yasmini. Alinisogezea karatasi akasema, "Anania, wewe ulipataje C ya baiolojia?" Nikamwambia nilikuwa nimependeza siku hiyo. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Baada ya Pasaka tunapelekwa hospitali, fildi, wiki sita. Watu wote wanafurahi. Na mimi nafurahi, wanapokuwepo.

Wewe ulikuwa unazijua nukta. Ukipata nafasi niandikie, taratibu, kama unamwandikia Fidele.

Mdogo wako

*

Kumsenga,
18 Aprili 2024

Leonidasi,

Sisi wazima. Mama anakusalimia. Barua yako imechelewa kunifikia, Hashimu hakupanda majuma matatu, na baadaye iliachwa kwenye duka lingine.

Nimekuandikia hesabu kwenye karatasi ya pili, pande zote mbili. Anza na ule mfano wa sukari. Gawanya kwanza, halafu zidisha. Ukipata jibu, jiulize kama lina akili: mtoto mdogo hawezi kunywa dawa nyingi kuliko mtu mzima. Rudia kila siku.

Nina swali. Cheti changu chenyewe, siyo nakala, kiko wapi? Unacho wewe au kinakaa ofisini? Kama kinakaa ofisini, kuna njia ya kukipata kwa siku mbili tu? Nijibu haraka.

Anania

*

Kasulu,
4 Mei 2024

Kaka,

Umeniandikia kama karani wa mahakama. Hata hukumtaja mke wako. Haya, mimi nitaandika kama mtu: habari za nyumbani, habari za mizinga, nyuki bado wanakuheshimu? Mama mpe mkono wangu.

Cheti kimefungiwa kwenye kabati la mhasibu. Hawakitoi mpaka ada iishe, wanasema wengi huchukua vyeti wakakimbia na madeni. Nimejaribu kumwambia ninakihitaji kwa ajili ya kitambulisho, akaniuliza, "Kitambulisho unacho, unataka cha pili?" Nikaondoka. Kwani wewe unakitakia nini? Unataka kuoa tena, wakwe wameomba matokeo?

Usinipigie simu. Nimeiuza. Fildi ina michango yake, glavu zangu mwenyewe, daftari la saini, kipimo cha homa, na mchango mwingine ambao jina lake linabadilika kila ukiuliza. Ukiwa na jambo la moto, piga simu ya dukani kwa Hashimu, ila ujue pale kuna wateja na wateja wana masikio.

Jumatatu tunaanza. Nimepangiwa wodi ya watoto. Ningepangiwa wanaume ningefurahi, mwanaume mzima dawa ikimzidi anaweza hata kukutukana. Karatasi yako nimeikunja nimeiweka mfukoni mwa koti. Ule mfano wa sukari nauelewa kabisa. Ila wodini hakuna sukari.

Sijawahi kukuandikia jambo hili: natamani mtu anigundue kabla ya Jumatatu. Halafu natamani asinigundue. Vyote viwili kwa usiku mmoja. Ukimaliza kusoma cheka kidogo, ndiyo maana nimeandika.

Leonidasi

*

Kumsenga,
23 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nakutumia elfu themanini kwa mkono wa Hashimu. Ni ya asali. Usinunue simu, maliza michango.

Suala la cheti achana nalo, nilitaka tu kujua. Hapa hakuna jambo. Winifrida mzima, mtoto mzima. Mama ameanza kusema kwa watu kwamba mwanawe ni daktari Kasulu. Nimemwambia asiseme ni mwana yupi.

Kaza moyo. Wiki sita si nyingi.

Anania

*

Kasulu,
Jumanne, 11 Juni 2024

Kaka yangu Anania,

Mwamkie Mama kwa magoti yote mawili. Shemeji pia, na mtoto. Nitaandika polepole.

Jumapili asubuhi aliletwa mtoto wa miezi minane, msichana, anatoka kijijini kama kwetu, mama yake anaongea Kiha kama Mama. Degedege. Macho yamegeuka, mwili unaruka. Manesi walikuwa wawili, mmoja amekimbilia kwa mama anayejifungua, aliyebaki ni Sista Esteri, na yeye alikuwa ameshika mtoto mwingine aliyekataa kupumua. Akanipigia kelele bila kugeuka, "Anania, kilo nane, ile dawa ya degedege, fanya haraka."

Nikafanya haraka. Nikapiga hesabu kichwani, mama wa mtoto ananitazama usoni kama anayemtazama padri. Nikapata arobaini. Nikaona ni namba nzuri tu. Kila kichupa kina kumi. Nikavunja cha kwanza, nikavuta. Nikavunja cha pili. Nikavunja cha tatu, na hapo kaka nikakumbuka ulivyoniandikia, jiulize kama jibu lina akili. Nikajiuliza. Na sikujua. Uelewe hapo: sikujua kama lina akili au halina. Nilisimama nimeshika bomba la sindano, mtoto anaruka, na kichwani hamna kitu, ni kama kibao kilichofutwa. Nikachukua cha nne.

Sista Esteri akaniona. Alikuja akaninyang'anya bomba, akanisukuma kwa bega. Akapima nyingine, kidogo tu, chini ya nusu kichupa. Mtoto akatulia. Ndipo akahesabu vile vichupa vitupu mezani, kimoja kimoja, kwa kidole. Akaniuliza kwa sauti ndogo, mama wa mtoto asisikie, "Ulikuwa unamlaza au unamzika?"

Sikuwa na utani wowote. Unajua mimi sikosi utani.

Mama wa mtoto alinishika mkono jioni akaniambia, "Urakoze, muganga." Asante, mganga. Akanipa ndizi mbili. Nikazila, kaka, nyuma ya choo, sikuweza kuzitupa wala kuzirudisha.

Jana Sista Esteri akaniita stoo. Akanipa kalamu, kilo kumi na mbili, akaniambia piga. Nikapiga. Akatazama. Akasema, "Wewe hukusoma. Wewe ni nani?" Ningeweza kumdanganya, kinywa changu hiki kinajua kazi. Lakini alikuwa ameshaniambia kwamba kuanzia kesho yake wanafunzi tutaachiwa zamu ya asubuhi na nesi mmoja, watoto thelathini na moja. Nikasema, "Naitwa Leonidasi." Akakaa kwenye boksi la glavu.

Leo asubuhi nimekwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo. Sikusubiri anipeleke. Nimeandika maelezo, kurasa mbili, nimetia saini na dole gumba. Sasa soma hapa kwa makini, soma mara mbili. Nimeandika kwamba cheti nilikiiba. Nimeandika kwamba nilikitoa sandukuni ukiwa shambani, na kwamba kaka yangu Anania Niyomwungere ni mkulima wa Kumsenga, hajui lolote, hajawahi kukanyaga chuo hiki hata siku moja. Mama sikumtaja. Wamenivua koti, nimewekwa hosteli, nisitoke. Mkuu amesema Ijumaa atapiga simu Kibondo wilayani, na polisi baada ya hapo.

Naogopa, kaka. Naogopa polisi, naogopa sana, sitakuongopea. Lakini jana usiku nililala. Wiki tano sijalala.

Wakija kukuuliza, wewe sema hivyo hivyo: hujui kitu, ulidhani kiko sandukuni. Ukisema hivyo unabaki nje, na Mama anabaki na mtu wa kumlimia. Abdalah ameruka ukuta, ndiye anayempelekea Hashimu barua hii. Lori linapanda Alhamisi.

Leonidasi

*

Kibondo mjini,
Alhamisi, 13 Juni 2024, saa nane mchana

Mdogo wangu Leonidasi,

Salamu za Mama, amekufungia karanga. Winifrida alikuwa na homa, amepona. Mtoto anasema "mganga" akiona kitu chochote cheupe. Naandika nimesimama kaunta ya mgahawa, na sitamsubiri Hashimu, nampa kondakta wa basi la saa tisa kwa sababu kuna haraka. Nilitaka kupiga simu dukani nikaogopa wateja.

Nilikuficha jambo. Mwezi wa nne walitangaza kazi ya muda, makarani wa kuandikisha watu vijijini, wanataka kidato cha nne. Winifrida alinishikilia niombe. Nikikataa ataniuliza kwa nini, na nikimwambia kwa nini, ukoo wake wote utajua kabla jua halijazama. Nikaomba, nikapeleka nakala. Nikadhani nakala itatosha. Ndiyo maana nilikuuliza kile cheti.

Jumatatu wiki hii nikaitwa kwenye usaili. Afisa akasema, "Lete chenyewe." Nikasema kiko chuoni Kasulu. Ilinitoka tu, sikujipanga. Akaniuliza jina la chuo, nikalitaja. Akachukua simu pale pale mbele yangu, akaweka sauti juu. Dada wa chuo akapekua, akasema, "Ndiyo, Anania Niyomwungere ni mwanafunzi wetu. Yuko wodini sasa hivi."

Afisa akakata simu akaiweka mezani. Chumba kizima kilinitazama. Akasema, "Yuko wodini. Na hapa amekaa nani?"

Leonidasi, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile Baba alipokata kauli mikononi mwangu. Akaniambia kuna watu wanatumia vyeti vya wenzao, wanafungwa, na kwa familia kama zetu, zilizopewa uraia juzi juzi, watafukua mpaka karatasi za babu. Akanipa mpaka leo nilete maelezo.

Siku tatu sikula. Nimefikiri kila upande. Nikisema mwanafunzi ni mdogo wangu, wewe unakwenda jela, ukiwa na miaka ishirini. Nikisema sijui, watakwenda kukukamata hukohuko wodini, mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo leo asubuhi nimeandika. Nimeandika kwamba mwanafunzi wa Kasulu ni mimi. Kwamba nasoma pale tangu Oktoba, nililipa ada mwenyewe, na siku ile ya usaili nilikuwa nimetoroka fildi kuja kumwona Mama mgonjwa, wenzangu wakanisainia daftari. Nimetia saini, nimetia dole gumba, mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia. Mdogo wangu sikumtaja popote. Kazi ya ukarani wameninyima kwa utoro, hilo si kitu.

Afisa amesoma, amenitazama, amesema sawa. Ameniambia kesho Ijumaa atapiga tena simu Kasulu, aongee na mkuu wa chuo mwenyewe, wahakikishe, halafu jalada litafungwa. Ni hilo tu limebaki.

Kwa hiyo wewe tulia. Ingia wodini kama kawaida, fanya kazi yako, usimwambie mtu yeyote neno. Mkuu wa chuo akisema kama nilivyosema mimi, tumepona.

Kaka yako,
Anania